Sauti za Wazee Wetu: Kutoka Ukanda hadi Kompyuta



Katika masomo yaliyotangulia tumezoea kusema juu ya neno lililonenwa na kupokewa, likatoka kwa baba likaenda kwa mwana. Leo twataka kusema juu ya chombo kimoja kilichobeba maneno na nyimbo zetu katika siku za wazazi wetu na katika siku zetu wenyewe, nacho ni ukanda wa sauti. Tena twataka kueleza jinsi sauti iliyomo katika ukanda mkuukuu inavyohamishwa na kutiwa katika kompyuta, ile mashine ambayo wengi wetu hapa Kongo twaiita ordinatere. Mtu asidhani kwamba hii ni habari ya watu wa mijini tu. Vijiji vingi vyenye kwaya vina kaseti mahali fulani, juu ya dari, ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha mzee. Na nyingi katika hizo zinaharibika bila mtu kujua.

Twaanza na kaseti moja tuliyoletewa mjini Goma. Aliyeileta ni mama mmoja, mwenyeji wa upande wa Ntoto. Wasiojua mahali hapo na wajue kwamba Ntoto iko katika Walikale, karibu na mpaka wa Masisi, ambapo nchi ya Wanyanga na nchi ya Wahunde hukaribiana. Mwezi wa Machi mwaka 1993 watu wengi waliuawa sokoni Ntoto, na vita vikaenea katika Masisi na Walikale kwa miezi mingi. Maelfu walikufa, na wengine wengi zaidi wakaacha nyumba zao. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, hubeba sufuria, hubeba blanketi kama nafasi ipo. Mama huyu alibeba pia kaseti moja, ameifunga katika kipande cha kitenge. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo za kwaya ya kijiji, naye mwenyewe aliimba humo akiwa msichana. Upande wa pili hakujua una nini. Alikumbuka tu kwamba marehemu baba yake alipenda kuusikiliza jioni. Mashine ya kuipigia hakuwa nayo kwa miaka zaidi ya ishirini. Alituuliza, “Baba zangu, itaweza kusema tena?”

Kabla hatujaeleza jinsi tulivyomjibu, yafaa tutazame nyuma na kujua sauti ya mtu ilianzaje kushikwa.

Zamani za kale sauti ilikwisha pale pale iliposemwa. Mwaka 1877 Thomas Edison, mtu wa Marekani, alitengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kuishika sauti na kuirudisha. Baadaye vyombo vya namna hiyo vilitumia mitungi midogo ya nta: sindano ilitetemeka kwa sauti ya mwimbaji, ikachora mfuo katika nta, na ilipopitishwa tena katika mfuo ule ule, sauti ikarudi. Nta hiyo ilifika nchi yetu mapema. Kati ya mwaka 1911 na 1913 Armand Hutereau, Mbelgiji, alipita katika nchi ya Uele, kaskazini mwa Kongo, akirekodi nyimbo katika mitungi ya nta. Nayo ikapelekwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Lakini nta ina kasoro kubwa. Kila ipigwapo, sindano huila kidogo, hata mtu aliyetamani kuusikiliza wimbo mara nyingi ndiye aliyeuharibu.

Ukanda ulitokea kwa hatua. Mwaka 1898 Valdemar Poulsen wa Denmark aligundua kwamba sauti yaweza kuandikwa kwa sumaku katika waya wa chuma. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer, katika Ujerumani, alipaka unga wa chuma juu ya karatasi ndefu nyembamba, badala ya waya. Na mwaka 1935, katika maonyesho ya Berlin, kampuni ya AEG ikaonyesha mashine iitwayo Magnetophon, yenye ukanda wa plastiki uliotengenezwa na BASF. Baada ya vita kuu ya pili mashine hizo zikaenea ulimwenguni, zikaingia katika nyumba za radio zote.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Ukanda ni utepe mwembamba uliopakwa unga laini wa kutu ya chuma. Ndani ya mashine mna kichwa, nacho ni sumaku ndogo inayoamshwa na umeme. Sauti huingia katika mikrofoni ikageuzwa kuwa umeme. Umeme huo hufika kwenye kichwa. Na chembe za kutu zinazopita mbele yake hupangwa upande huu na upande huu, kama unga wa chuma unavyojipanga mtoto wa shule akiusogezea sumaku. Ukanda ukipitishwa tena, chembe zile huamsha umeme ule ule, na spika husema. Hakuna sindano ya kula kitu. Watu wakadhani basi kwamba wamepata chombo kisichoharibika. Tutaona kwamba walikosea.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi yake kusini mwa Afrika, alisafiri katika Kongo na Rwanda akirekodi nyimbo za makabila mengi. Wanande wa Kivu yetu ya Kaskazini walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo tangu mwaka 1978 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, katika Afrika ya Kusini. Ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu: nyimbo zilizoimbwa Kongo ziliwekwa mahali ambapo mjukuu wa mwimbaji hawezi kufika hata akiuza mbuzi zake zote.

Huku Walikale kalamu ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, mtaalamu Daniel Biebuyck wa Ubelgiji alimsikiliza mwimbaji Candi Rureke akiuimba utendi wa Mwindo, utendi wa namna ambayo Wanyanga huiita karisi. Kwa siku 12 Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, kibuyu cha kutikisa kikiwa mkononi na vijana wakimgongea mapigo. Na kando yake waandishi wakaandika neno kwa neno. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga na mtaalamu wa lugha, wakakitoa kitabu mwaka 1969. Anayekifungua humkuta Mwindo, na baba yake Shemwindo aliyemkataa, na shangazi yake Iyangura. Bila kalamu zile tungekuwa maskini zaidi. Lakini kitabu hakiwezi kumwambia msomaji sauti ya Rureke ilipanda wapi na ilishuka wapi, alivuta pumzi wapi, na wasikilizaji walicheka mahali gani. Mambo hayo hayana herufi.

Twataja mfano mwingine, wa Katanga, kwa kuwa ni wa kanisa na wengi mmeusikia radioni. Ni Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 na kwaya aliyoianzisha Padri Guido Haazen, Mfransisko. Waimbaji hawakushika karatasi ya noti. Walizitunga sehemu kubwa za misa hiyo kwa kuimba pamoja, kwa mitindo ya nyimbo walizozijua tangu utoto. Noti zilizochapishwa baadaye ziliandikwa kwa kusikiliza yaliyorekodiwa. Basi hapo mashine ndiyo iliyoshika shina, na karatasi ni tawi. Kama yaliyorekodiwa yangalipotea, Missa Luba ya mwaka ule ingalipotea pamoja nayo.

Mashine za siku hizo zilikuwa nzito na za bei kubwa, nazo zilitaka umeme. Mwanakijiji hakuzimiliki. Mambo yakageuka mwaka 1963, kampuni ya Philips ilipoonyesha kaseti huko Berlin. Iliundwa mjini Hasselt, Ubelgiji, na watu walioongozwa na Lou Ottens, Mholanzi. Wasimulia kwamba Ottens alichonga kwanza kipande cha mti kinachoingia katika mfuko wa koti, akasema mashine na isizidi ukubwa huo. Ukanda wa kaseti una upana usiofika milimita 4, nao hupita mbele ya kichwa sentimita 4.76 kwa kila sekunde. Kwa hiyo nusu saa ya sauti hutaka mita 86 hivi za utepe, zote zimekunjwa ndani ya kisanduku kinachotosha kiganjani.

Hapo kijiji kikapata uwezo wake chenyewe. Wakubwa wenzetu wanakumbuka: radio-kaseti mezani, watoto wanakatazwa kukohoa, mwalimu wa kwaya anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Mawe ya radio yalikuwa ghali, basi yalipochoka yaliwekwa juani ili yapate nguvu kidogo. Na ili yasiishe upesi, ukanda ulirudishwa mwanzo kwa kalamu ya Bic iliyotiwa katika tundu la kaseti na kuzungushwa kwa mkono. Harusi, mazishi, mafundisho ya katekista, hadithi za bibi, salamu kwa ndugu aliyehamia Kisangani, yote yaliingia humo. Tunavyoona sisi, hazina iliyomo katika kaseti hizo za nyumbani si ndogo kuliko iliyomo katika makumbusho, na tena yatuhusu zaidi, maana waliorekodi na waliorekodiwa walikuwa watu wa mji mmoja.

Nyumba za radio, ambazo mtu angefikiri ndizo zingehifadhi vizuri, mara nyingi hazikuhifadhi. Ukanda mkubwa wa studio ulikuwa ghali. Kipindi kiliporushwa, ukanda wake ulifutwa na kutumika tena kwa kipindi kingine. Twasema hili kwa masikitiko, kwa maana masomo ya radio ya namna hii hayakuokoka na desturi hiyo: kijitabu kilichochapwa kimebaki, na sauti ya mwalimu imefutwa na tangazo la wiki iliyofuata.

Na kanda zisizofutwa nazo zina adui zao. Gundi inayoshika unga wa kutu hunyonya unyevu wa hewa, ikalainika. Utepe ukipita katika mashine hulia na kuacha uchafu mweusi kwenye kichwa. Katika nchi ya mvua nyingi kama Walikale, kuvu huota juu ya ukanda kama anavyoota juu ya viatu vilivyosahauliwa. Jua nalo hukunja kisanduku cha plastiki. Hata ukanda uliotunzwa vema, kwa kuwa umelala umekunjwa miaka mingi, tabaka moja huambukiza sauti tabaka lililo jirani. Ndiyo sababu katika kaseti kuukuu mtu husikia neno kwa mbali, kama mzimu wake, muda mfupi kabla halijasemwa. Lakini kuna hatari iliyo kubwa kupita hizi, nayo ni kukosekana kwa mashine. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti walitoa onyo juu ya kanda za sumaku, na wahifadhi wengi walikubaliana kwamba kufikia mwaka 2025 hivi zitakuwa ngumu mno kupigwa, kwa sababu mashine zimechakaa, vipuri havitengenezwi, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Mwaka huo umekwisha kutufikia.

Sasa tuseme juu ya kompyuta, na jinsi inavyopokea sauti.

Kompyuta haishiki mtetemo wenyewe kama nta, wala haipangi chembe kwa mfano wa sauti kama ukanda. Yenyewe huhesabu. Umeme unaotoka katika radio-kaseti hupimwa nguvu yake mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Saa moja ya sauti ni vipimo 158,760,000 kwa kila njia, ya kushoto na ya kulia. Baadaye kompyuta husoma tarakimu hizo kwa mwendo ule ule na kurudisha umeme. Faida yake ni hii: tarakimu zikinakiliwa sawasawa, nakala haipungukiwi na kitu. Tulipokuwa tukinakili kaseti kwa kaseti, ya pili ilikuwa na mvumo kuliko ya kwanza, na ya tatu kuliko ya pili, hata ya tano ikawa kama mtu anasema chini ya maporomoko ya maji. Kwa tarakimu, nakala ya mia ni sawa na ya kwanza.

Kazi hiyo zamani ilifanywa na studio kubwa tu. Tangu mwaka 2000, ilipotolewa programu ya bure iitwayo Audacity, mtu mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuifanya nyumbani kwake. Yatakiwa radio-kaseti nzima, waya wenye kichwa kidogo huku na huku, na programu hiyo. Waya hutoka katika tundu la kusikilizia la radio-kaseti na kuingia katika tundu la kompyuta. Kompyuta nyingi za kubebwa zina tundu la mikrofoni tu, ambalo ni jepesi kuzidiwa na sauti. Kwa hiyo ni afadhali kununua kisanduku kidogo cha kuingizia sauti kinachochomekwa katika tundu la USB.

Na sasa twarudi kwa mama wa Ntoto, pia twaungama kosa letu.

Kaseti yake ilikuwa na madoa meupe ya kuvu. Mmoja wetu, kwa haraka ya kumfurahisha mama aliyekuwa ameketi mbele yetu, aliitia katika mashine na kubonyeza. Tulisikia sekunde chache za kwaya, kisha sauti ikazama, na utepe ukazongwa katika magurudumu ya mashine. Tuliukwamua kwa mkono, umekunjamana kama jani kavu, na sehemu moja imekatika. Mama hakusema neno. Aliinamisha kichwa tu, nasi tukaona haya kuliko kama angalitukana.

Hapo tukafanya yale tuliyopaswa kufanya tangu mwanzo. Tuliiacha kaseti siku kadhaa mahali pakavu penye kivuli na hewa. Kisha tukafungua skrubu tano ndogo za kisanduku, tukautoa utepe, tukaufuta kuvu polepole kwa kitambaa laini, pua na mdomo vimefunikwa, kwa maana kuvu hudhuru kifua. Palipokatika tukaunga kwa gamu ya karatasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ile ya ofisini isitumike, maana gundi yake huyeyuka ikachafua utepe. Tukauhamishia katika kisanduku cha kaseti nyingine iliyo nzima, chenye kile kipande cha sufi kinachosukuma utepe kwenye kichwa, kwa kuwa cha zamani kilikuwa kimebanduka. Tukasafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Nyuma ya kaseti tukavunja vile vijino viwili vya plastiki, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Mwisho tukaisogeza mbele mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo mara moja, pole pole, kabla ya kuipiga.

Jambo moja dogo lilitusaidia kuliko yote. Karibu na kichwa cha mashine pana skrubu inayokiinamisha upande huu au upande huu. Kila radio-kaseti ilirekodi kwa mwinamo wake. Ukipiga kaseti katika mashine yenye mwinamo mwingine, sauti huwa nzito na ya kufunikwa, kama mtu anasema na kitambaa mdomoni. Tulizungusha skrubu hiyo kidogo kidogo huku tukisikiliza, na ghafula herufi za “s” na “sh” zikatokea safi. Mama akainua kichwa.

Ndipo tukaiacha programu irekodi. Hakuna njia ya mkato. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja. Tuliangalia mshale wa nguvu ya sauti usifike juu kabisa, kwa kuwa sauti ikizidi kipimo tarakimu hukatika kichwani, na kilichokatika hivyo hakiungwi tena. Tulichomoa chaja ya kompyuta, maana ilileta mvumo. Tukahifadhi kwa namna ya faili la WAV, lisilobanwa, ambalo kwa saa moja huchukua megabaiti 635 hivi. Kutoka hilo tukatoa faili dogo la MP3 la kupelekeana kwa simu.

Kuna maswali ambayo watu hutuuliza, nasi twayajibu hapa kwa desturi ya masomo yetu.

Je, si inatosha kuhifadhi lile faili dogo tu? La. Faili dogo limetupa sehemu ya sauti ili liwe jepesi, na kilichotupwa hakirudi. Kadi ya simu ya gigabaiti 32 hubeba saa hamsini za faili kubwa, nafasi ipo.

Je, kaseti ikisha kunakiliwa itupwe? Isitupwe. Mashine bora yaweza kupatikana kesho, na masikio bora pia. Tena kompyuta hufa, huibwa, huungua. Mwezi wa Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka Goma, ukafunika sehemu kubwa ya mji pamoja na kanisa kuu. Vyote vilivyokuwa katika nyumba zile viliteketea siku moja. Basi nakala ziwe zaidi ya moja, na mojawapo ikae mji mwingine.

Je, tusafishe mvumo wote kwa programu? Katika nakala ya kusikiliza, kidogo si vibaya. Katika nakala ya kuhifadhi, tusiguse kitu. Tumewahi kusikia nakala zilizosafishwa mno, na waimbaji walikuwa kama bati.

Sasa tueleze kwa nini sauti zinarudi. Tumesema kwamba nyimbo nyingi zilikwenda mbali. Zilipogeuzwa kuwa tarakimu, njia ya kuzirudisha ikafunguka. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikuwa amewarekodi wasichana wa Kipsigis, katika Kenya, wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye santuri zake zilifika kwao. Mwaka 2014 maktaba aliyoiacha Tracey pamoja na watu wa Ketebul Music wa Nairobi walipeleka nakala za nyimbo hizo huko huko zilikorekodiwa, wakakuta wazee wanaoukumbuka mwaka ule. Makumbusho ya Tervuren nayo ilianza katika miaka ya 2000 kuhamisha hazina yake ya sauti, tangu mitungi ya nta mpaka kanda. Na mwaka 2021 Rwanda ikapokea kutoka huko nakala za nyimbo zake zaidi ya 4,000. Sisi watu wa Kongo, ambao nyimbo zetu zimejaa katika makabati hayo, tuna haki ya kuuliza zetu zitapanda ndege lini.

Lakini wale waliorudisha nyimbo walikuta shida ile ile tuliyoikuta sisi, nayo haitengenezwi kwa skrubu. Sauti ipo, na jina halipo. Ukanda haujui aliyesema. Mara nyingi karatasi ya ndani ya kaseti imepotea, au imeandikwa “Kwaya” tu, au imefutwa ikaandikwa jina la mwanamuziki wa Kinshasa. Ndiyo sababu twawaomba makatekista na walimu wa kwaya: kabla hamjatafuta kompyuta, tafuteni mzee. Pigeni kaseti mbele yake hata kama inakwaruza, mwulizeni ni nani, ni wapi, mwaka gani, na mwandike. Mashine yaweza kungoja mwaka mmoja, mzee pengine hawezi.

Upande wa kwanza wa kaseti ya Ntoto ulitoka vizuri. Pale tulipoukata kuna pengo la nusu ya ubeti, nasi tumeliacha kama lilivyo. Mama aliwatambua waimbaji mmoja mmoja kwa sauti: huyu aliolewa Pinga, huyu alikufa njiani mwaka 1993, huyu sijui. Majina yote tumeyaandika. Tulimtilia nyimbo hizo katika kadi ndogo, na sasa huzisikiliza katika ile radio ndogo ya Kichina yenye tundu la kadi, nao majirani zake wa zamani, waliotawanyika Sake na Goma, wamezipokea kwa simu.

Upande wa pili ulikuwa na mtu mzima akiwafundisha watoto, kwa Kinyanga na kwa Kiswahili. Anawauliza, wanajibu kwa pamoja; anakohoa; mbwa anabweka nje; jogoo pia. Katikati ya mafundisho anawasimulia hadithi, watoto wanacheka. Kisha sauti yake inaanza kupanda, polepole, ikawa nyembamba kama ya mtoto, na kuharakisha. Mwanzoni tulidhani ukanda umeharibika. Kumbe mawe ya radio yalikuwa yakiisha siku ile aliporekodiwa: mashine ilizunguka polepole wakati wa kurekodi, kwa hiyo ikipigwa kwa mwendo wa kawaida sauti hukimbia. Kwa programu tuliirudisha hatua kwa hatua katika mwendo wake, mpaka mtu mzima akawa mtu mzima tena hadi neno la mwisho, pale mawe yalipokwisha kabisa na sauti ikakatika.

Mama hakumtambua. Tumewasikilizisha watu kumi na zaidi wa upande ule, nao hawakumtambua. Mmoja alisema kikohozi kile anakijua, akanyamaza, akasema hapana.

Faili lake tumeliandika hivi: “Ntoto, upande wa pili, katekista au mwalimu, jina bado.” Nakala tumewapa wasimamizi wa vikundi vya kusikiliza wa Masisi na Walikale, katika kadi moja pamoja na masomo haya. Msikilizeni. Atakayemjua na atuletee jina lake, na la kijiji chake, na kama anao watoto waliobaki.